Stairini: Kazi Zake Viwandani, na Namna ya Kuitunza Isidhuru Watu

Mtu apitaye karibu na karakana zinamoundwa mashua za faiba katika pwani yetu hulakiwa na harufu kabla hajaona kitu. Ni harufu kali yenye utamu ndani yake, isiyofanana na ya rangi wala ya petroli, na aliyeinusa mara moja haisahau. Harufu hiyo ni ya stairini. Mafundi wengi huishika kila siku pasipo kulijua jina lake, maana huinunua imekwisha kuchanganywa ndani ya gundi nzito iitwayo resini. Na katika kila kilo tatu za resini hiyo, yapata kilo moja au zaidi ni stairini yenyewe. Katika makala haya twataka kueleza kitu hiki ni nini, hufanya kazi gani ulimwenguni, na kwa nini watu 12 walikufa kwa ajili yake huko Bara Hindi mwaka 2020.

Kwanza tulitazame jina. Wataalamu wa kemia husema kwamba stairini ni monoma. Neno hili halina mwenzake katika Kiswahili, nasi hatuoni faida ya kubuni moja. Asili yake ni Kiyunani, na maana yake ni "sehemu moja". Msomaji na afikiri juu ya mabehewa ya gari la moshi. Molekuli ya stairini, yaani chembe yake ndogo kabisa, ni kama behewa lenye kulabu mbili zilizoshikana zenyewe kwa zenyewe. Kulabu hizo zikifunguka, behewa hushika behewa jingine, na hilo nalo hushika jingine, mpaka unapatikana msafara wa mabehewa maelfu kwa maelfu. Msafara huo huitwa polima. Mabehewa yaliyo mbalimbali huteleza na kupishana kwa urahisi, ndiyo sababu stairini ni maji mepesi yasiyo na rangi. Misafara mirefu haiwezi kupishana hivyo. Husongamana na kushikamana, ndiyo sababu polima ya stairini, iitwayo polistairini, ni kitu kigumu king'aacho kama kioo.

Habari zake zaanza mwaka 1839 katika mji wa Berlin. Mwuza dawa mmoja, Eduard Simon, alikuwa akichunguza utomvu wa mti wa nchi ya Uturuki. Utomvu huo huitwa storaksi, na tangu kale watu waliutumia kwa dawa na kwa kufukiza, kama sisi tutumiavyo ubani na udi. Simon aliuvukiza kwa moto akapata maji, akayaweka. Baada ya miezi kadhaa aliyakuta yameganda mfano wa ute mzito, wala hayakurudi kuwa maji tena. Alidhani ni hewa iliyoyageuza. Mwaka 1845 wataalamu wawili, John Blyth na August Wilhelm Hofmann, walionyesha kwamba sivyo: stairini hugeuka vivyo hivyo hata mahali pasipo hewa, ikipashwa moto tu. Lakini hawakujua ni kitu gani kilichotukia ndani yake. Ilibidi kungoja hata baada ya mwaka 1920, alipotokea Mjerumani Hermann Staudinger akieleza kwamba molekuli zimeshikana kuwa minyororo mirefu mno. Wenzake wengi walimpinga kwa maneno makali, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Huenda msomaji akashangaa kusikia kwamba stairini imo hata jikoni mwake. Mdalasini unayo kidogo kwa asili, na ukiwekwa mahali penye unyevu ukaota kuvu, huongezeka. Kiasi hicho ni kidogo sana, wala hatusemi haya ili watu waache kutia mdalasini katika pilau.

Siku hizi stairini haitolewi katika utomvu wa miti. Viwanda huchukua vitu viwili vipatikanavyo katika mafuta yachimbwayo ardhini, yaani benzeni na ethilini, vikaunganishwa kuwa ethilibenzeni. Kisha hiyo hupitishwa pamoja na mvuke wa maji, katika joto la digrii 600 hivi za Sentigredi, juu ya dawa ambayo sehemu yake kubwa ni kutu ya chuma. Hapo hupoteza haidrojeni kidogo ikawa stairini. Ulimwengu hutengeneza zaidi ya tani milioni 20 kila mwaka, nayo haikai ghalani kama saruji; hutumiwa upesi, na sababu yake tutaiona baadaye.

Msukumo mkubwa ulikuja na Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya na visiwa vya jirani, Marekani na wenzake walipoteza karibu mpira wote wa miti waliouzoea. Ndege, malori na vifaru vyote vyahitaji mpira. Wamarekani wakajenga viwanda kwa haraka kubwa, vikitengeneza mpira kwa kuunganisha stairini kiasi cha robo na monoma nyingine, butadaini, kiasi cha robo tatu. Na kufika mwaka 1945 viwanda hivyo vilitoa zaidi ya tani 700,000 kwa mwaka. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutangulia katika kazi hiyo, na mpira wao waliuita Buna S. Mpira wa namna hii ungali ukitumika, na matairi mengi ya motokaa ndogo unao katika sehemu igusayo barabara.

Polistairini yenyewe iko kila mahali. Kalamu nyingi zenye mwili uonyeshao wino ndani, vikombe vya maziwa ya mgando vya madukani, vyombo vya karamu vitupwavyo baada ya kutumika mara moja, vyote hutengenezwa kwayo. Yale masanduku meupe mepesi ambamo wauza samaki hutia barafu ni polistairini iliyovimbishwa. Punje zake hutiwa kitu kiitwacho pentani, halafu hupigwa mvuke wa moto zikavimba kama bisi za mahindi. Kilichobaki mkononi ni hewa, kiasi cha sehemu 98 katika 100. Katika Kenya, Shirika la Nyumba la Taifa lilijenga kiwanda huko Mavoko cha kutengeneza kuta za nyumba kwa mbao za kitu hicho zilizofungwa nyavu za chuma na kupakwa saruji. Tena stairini ikiunganishwa na butadaini na akrilonitraili hupatikana plastiki ngumu isiyovunjika upesi, ndiyo ya maganda ya redio na mashine za ofisini, na tangu mwaka 1963 ndiyo ya matofali ya kuchezea watoto ya Lego. Na katika resini ya faiba stairini hufanya kazi mbili kwa pamoja: huifanya iwe nyepesi ipate kupakwa kwa brashi, kisha huifunga minyororo ya resini pamoja, kama vile mtu afungavyo fito za ukuta kwa kamba.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Asafirishaye mawe hana hofu kwamba mawe yatabadilika njiani. Asafirishaye petroli huogopa moto, lakini petroli ikiwekwa mbali na moto hutulia. Stairini haitulii. Kulabu zake hufunguka zenyewe polepole hata penye baridi, na kila behewa lishikapo jingine, joto hutoka. Kilo moja ya stairini ikishikana yote hutoa joto litoshalo kuchemsha lita mbili za maji ya kisimani. Katika kikombe joto hilo hupotea hewani. Katika tangi la mamia ya tani halina pa kwenda: hubaki ndani, nalo huzidisha upesi wa kulabu kufunguka, na upesi huo huzidisha joto, na joto huzidisha upesi. Jinsi ishikanavyo, ndivyo stairini izidivyo kuwa nzito kama uji. Huacha kuzunguka ndani ya tangi, hata ubaridi wa nje usifike katikati. Ikifika digrii 145 huchemka, na mvuke wake hutafuta pa kutokea.

Ili kuzuia jambo hili, wenye viwanda hutia ndani yake dawa iitwayo kwa kifupi TBC. Hutiwa kidogo mno, gramu 10 hadi 15 kwa tani nzima. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: kila kulabu ifunguliwayo huifunga tena. Lakini mlinzi huyu hupungua kwa kila kazi afanyayo. Penye baridi hudumu miezi. Penye joto la Mombasa mwezi wa Machi hupungua upesi zaidi, na siku itafika ambayo hayupo. Tena kuna jambo moja la ajabu. Dawa hii haifanyi kazi pasipo oksijeni kidogo iliyoyeyuka ndani ya stairini. Mtu aliyezoea kazi ya mafuta aweza kudhani kwamba analiokoa tangi akiiondoa hewa yote na kulijaza nitrojeni tupu, kumbe anamfunga mlinzi mikono. Bwana Simon alidhani hewa ndiyo iliyoigeuza stairini; leo twajua kwamba hewa kidogo, ikiwa pamoja na dawa, ndiyo huizuia.

Kwa hiyo kanuni za kuitunza si nyingi, ila hazivumilii uvivu. Stairini iwekwe chini ya digrii 25. Joto lipimwe zaidi ya mahali pamoja ndani ya tangi. Kiasi cha TBC kipimwe kwa zamu isiyokosekana, na siku za joto kali kipimwe mara nyingi zaidi, na dawa ya akiba iwepo ghalani. Tangi lisiwe na kutu, kwa sababu kutu huharakisha mabehewa kushikana. Na vali au mabomba ya shaba yasitumike, kwani shaba huiharibu rangi yake na kuidhuru ile dawa.

Katika Visakhapatnam, mji wa bandari mashariki ya Bara Hindi, karibu kila moja ya kanuni hizo ilivunjwa. Kiwanda cha LG Polymers kilikuwa katika kitongoji chenye nyumba nyingi. Mwezi wa Machi 2020 Serikali ilisimamisha shughuli za nchi kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, na kiwanda kikafungwa. Tangi moja lilibaki na stairini kadiri ya tani 1,800. Kamati iliyowekwa na Serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ilichunguza baadaye ikaona mengi. Dawa ya kuzuia haikutiwa ya kutosha, na ghalani haikuwamo. Bomba la kuizungushia stairini lilikuwa limebadilishwa miezi michache kabla, na tangu hapo haikuchanganyika vema. Mitambo ya kupoza haikuendeshwa usiku kucha. Na kipimo cha joto kilikuwa chini ya tangi peke yake, pale palipo baridi kuliko kwingine. Wasimamizi walikuwa wakisoma digrii za kuwaridhisha, huku tabaka za juu zikipata moto siku baada ya siku. Kwa maoni yetu hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu asiye na kipimo huwa na wasiwasi, bali hawa walikuwa nacho wakalala usingizi.

Tarehe 7 Mei, yapata saa tisa za usiku, mvuke ulianza kutoka. Vituo vya kupigia king'ora vilikuwa vingi kiwandani, wala hakuna kilichopigwa. Mvuke wa stairini ni mzito mara tatu na nusu kuliko hewa. Haupandi ukapotea kama moshi wa kuni, bali hutambaa chini, huingia mitaroni na chini ya milango. Watu waliamka wakikohoa na macho yakiwaka, wakakimbia gizani wasijue hatari yatoka wapi, wengine wakaanguka njiani. Watu 12 walikufa, mamia walipelekwa hospitali, na mifugo ililala imekufa barabarani.

Wala si tangi kubwa tu liwezalo kufanya hivyo. Mwezi wa Agosti 2005, katika mji wa Cincinnati, Marekani, behewa moja la reli lenye stairini lilianza kutoa mvuke. Lilikuwa limesahauliwa kando ya reli kwa miezi kadhaa, mpaka dawa yake ikaisha. Mamia ya watu walihamishwa nyumba zao. Hakuna aliyekufa. Wazima moto walilimwagia behewa maji kwa saa nyingi ili kulipoza kwa nje, na hiyo ndiyo njia ifaayo.

Turudi kwenye karakana zetu, ambako hakuna tangi la tani elfu bali pipa la kilo 200, na ambako madhara huja polepole. Pua ya mtu huisikia stairini ingali kidogo sana hewani, na hilo ni jambo jema. Lakini pua hiyo hiyo huchoka upesi, na baada ya saa moja fundi husema harufu imekwisha kumbe amezoea. Dalili za kwanza ni macho kuwasha na koo kukauka. Kisha kichwa huuma na mtu huwa kama aliyekunywa pombe: hujikwaa, husahau alichokuwa akifanya. Wafanyakazi walioivuta kwa miaka mingi wameonekana kupungukiwa na uwezo wa kusikia na wa kutofautisha rangi. Mwaka 2018 shirika la kimataifa lichunguzalo saratani liliiweka stairini katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta ugonjwa huo kwa binadamu. Daktari aweza kujua mtu amevuta kiasi gani kwa kupima mkojo wake, kwa sababu mwili huigeuza kuwa asidi ya mandeliki.

Kinga ya kwanza ni hewa ipitayo. Kazi ya faiba na ifanywe chini ya paa lisilo na kuta, au penye feni itoayo hewa nje kwa chini, maana mvuke hukaa chini. Fundi aingiapo ndani ya tangi la maji au tumbo la mashua kupaka resini, awepo mwenzake nje amwonaye, na hewa safi isukumwe ndani; na mwenzake akianguka, asijitupe ndani kumfuata pasipo kifaa cha kumpa hewa. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wowote. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitalini huzuia vumbi tu; kifaacho ni barakoa yenye mikebe ya makaa maalumu, nayo mikebe hiyo hubadilishwa ikiisha nguvu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga, kwa hiyo mfanyakazi aombaye glavu na miwani haombi sadaka.

Dawa ya kugandisha resini, ambayo ni peroksaidi, yahitaji maneno yake yenyewe. Tone lake moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Jicho lioshwe palepale kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, ndipo mtu apelekwe hospitali. Wala kamwe isichanganywe yenyewe kwa yenyewe na ile dawa ya zambarau yenye kobalti ihimizayo kuganda, kwani zikikutana pasipo resini katikati huweza kulipuka. Kobalti hutiwa kwanza ikakorogwa mpaka imeenea, ndipo peroksaidi itiwe. Fundi anayezidisha dawa ili amalize kazi mapema huipata resini ikitoka moshi ndani ya ndoo. Hapo aitoe nje, aimwage tambarare iwe nyembamba, na asiifunike. Matambaa yaliyolowa resini iliyokwisha kutiwa dawa yasirundikwe pembeni usiku, bali yatandazwe nje yagande.

Moto nao usisahauliwe. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata penye baridi. Stairini huanza kwenye digrii 31. Katika Ulaya watu wengi hufanya kazi chini ya kiwango hicho mwaka mzima. Katika Mombasa, Malindi au Kisumu adhuhuri ya jua hukivuka mara nyingi, na pipa lililoachwa juani hukivuka kila siku. Kwa hiyo yale yaandikwayo katika vitabu vya wageni kuhusu mahali pa kuwekea pipa yafaa kutiwa mkazo maradufu kwetu: kivulini, mbali na jiko, sigara na mashine ya kuchomelea. Ikishika moto isipigwe maji kwa nguvu ya bomba, maana ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake na kuupeleka moto mbali. Hutumiwa povu au unga wa kuzimia.

Lori la stairini huwa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba 2055. Lori kama hilo likipinduka, yafaa watu wakae mbali, upande utokako upepo, wala wasiende na madumu kuteka. Januari 2009 huko Sachang'wan zaidi ya watu 100 walikufa walipokuwa wakiteka petroli ya lori lililopinduka. Na stairini hata haifai kutiwa taani.

Jambo la mwisho ni mapipa matupu. Karakana huyauza, na wanunuzi huyataka kwa maji au huyapeleka kwa fundi wa kuchomelea yakatwe. Pipa la resini halifai maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi. Na pipa lionekanalo tupu lina mvuke ndani; sehemu moja katika 100 ya hewa yatosha kulipuka likiguswa na cheche. Fundi aletewaye pipa la namna hiyo na alikatae. Kulisuuza kwa sabuni hakutoshi, kwa kuwa resini iliyoganda kwenye kuta zake hutoa mvuke upya mara mwali unapoipasha moto.